Nililipia yubolti mpya nne, nikafungiwa zangu za zamani zilizopakwa rangi nyeusi

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira na sitaki kujifanya sina. Wiki mbili zilizopita ekseli ya nyuma ya pikapu yangu ilihama mahali pake nikishuka Sipi, gunia tisa za viazi nyuma, mwanangu wa P5 (darasa la tano) ameketi kati yangu na taniboi (utingo). Tuko hai. Lakini nimeshajua kilichosababisha, nimekishika kwa mkono wangu, na aliyekifanya bado anafungua gereji kila asubuhi hapa Mbale, Uganda.

Nianze mwanzo. Gari ni Hilux ya 1997 ya dizeli. Natoa viazi na kabichi Kapchorwa, nashusha Mbale, mara nyingine nafika hadi Malaba. Mwezi wa kwanza springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa, ukipakia kidogo tu tairi inakaribia bodi. Nikalipeleka gereji niliyoelekezwa na dereva mwenzangu. Tulikubaliana mbele ya watu wawili: aongeze bamba moja la springi kila upande, abadilishe bushi zote (mipira ya kwenye ncha za springi), aweke senta bolti mpya mbili (zinazopita katikati ya mabamba) na yubolti mpya nne (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli). Yubolti nilinunua mwenyewe, shilingi 88,000 zote nne pamoja na nati na wosha zake. Nilichagua ndefu kuliko za zamani kwa sababu bamba linaongezeka. Nikamkabidhi fundi mkononi.

Jioni nikaenda kuchukua gari. Nikauliza, "Vyuma vyangu vya zamani viko wapi?" Akajibu, "Mzee, watu wa skrepu wamepita mchana, wamebeba vyote." Nikachungulia nyuma ya tairi, nikaona yubolti nyeusi zinang'aa, nikalipa. Sikulala chini kuangalia ncha za bolti. Hilo nimejilaumu nalo usiku mwingi.

Wiki tatu nikafanya kazi. Wiki ya tatu hiyo nikaanza kusikia mlio nyuma kushoto, "tok," moja tu, kila nikiondoka na kila nikikanyaga breki. Nikampigia simu. "Hizo ni bushi mpya, mzee, zinakaa sawa zenyewe." Nikamwamini tena.

Siku yenyewe tulitoka Kapchorwa saa tatu asubuhi. Barabara kavu, lami nzuri. Wanaoijua ile njia wanajua: ukipita Sipi unateremka kona juu ya kona hadi Muyembe, na upande mmoja hakuna kitu cha kukushika. Kona moja nikakanyaga breki, nikasikia kishindo kama jiwe kubwa limegonga chini ya sakafu. Mkia wa gari ukaenda kushoto. Usukani umenyooka, gari linatembea upande kama kaa. Namshukuru Mungu kushoto palikuwa na ukingo wa udongo. Bodi ikaegemea pale, ikakwaruza, tukasimama. Taniboi aliruka na jiwe kabla sijazima injini. Mtoto hakulia. Alinishika shati tu, hakuachia mpaka watu walipokuja.

Nilipoingia chini nilikuta hivi. Upande wa kushoto, yubolti ya mbele haina nati hata moja. Ya nyuma ina nati moja iliyoning'inia kwenye hesi (miringo ya bolti inayoshika nati) mbili za mwisho. Senta bolti imekatika, kipande cha chini kimebaki ndani ya tundu la ekseli kama jino. Ekseli imerudi nyuma upande huo. Tulipima kwa kamba ya katani kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto: kushoto pamezidi vidole vitatu. Mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli ulikuwa umevutika mpaka umenyooka. Vidole viwili zaidi ungekatika, na breki za nyuma zingeniacha palepale kwenye mteremko.

Kisha nikaishika ile yubolti. Rangi nyeusi ikatoka kwenye kidole changu kama masizi. Chini yake nikaona njano.

Mwaka jana nilipaka lango la nyumbani rangi ya njano, na siku hiyohiyo nikachukua brashi nikaweka alama kwenye yubolti zangu zote nne, ili nikiingia chini nijue nati imezunguka au haijazunguka. Ile njano ni yangu. Mtu yule alichukua yubolti zilezile zilizokuwa zimeoza hesi, akazipulizia rangi nyeusi juu ya kutu na juu ya alama yangu, akanifungia. Mpya zangu ziko chini ya gari la mtu mwingine, naye pengine alizilipia mara ya pili.

Sasa nieleze kwa nini hili si jambo dogo, maana nimeshachoka kuambiwa "chuma ni chuma."

Yubolti haikazi springi kwa kuwa nene. Inakaza kwa kuvutika. Ukizungusha nati, ule mguu wa bolti unarefuka kidogo sana, nao unataka kurudi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana mabamba, kibao cha chini (kinachopitiwa na miguu ya yubolti) na ekseli viwe kitu kimoja. Ikishakaa miaka chini ya mzigo, hesi zake zimejikunja kufuata ile nati yake, kutu imekula mizizi ya hesi, na ukiifungua na kuifunga tena hupati mbano uleule. Hata ukiwa na spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) itakudanganya. Katika nguvu unayoweka kwenye nati, takriban asilimia 90 huliwa na msuguano, inayobaki kama asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti. Hesi zikiwa na kutu na rangi, msuguano unakula zaidi. Fundi anasikia nati imegoma, anasema imekaza, kumbe imegomea kwenye uchafu. Ndiyo maana watengenezaji wa springi wanasema wazi: ukifungua springi, weka yubolti mpya na nati mpya.

Na senta bolti, wengi hawaielewi. Kazi yake ni kupanga mabamba na kukaa kwenye tundu la ekseli ili kila kitu kiwe mahali pake. Haikuwekwa ibebe nguvu za breki. Yubolti zikilegea, nguvu zote zinahamia kwenye kale kabolti kamoja, kanakatwa. Zikilegea bila senta bolti kukatika, bamba linaanza kuvunjika palepale kwenye tundu la katikati, kwa sababu ndipo palipo dhaifu na ndipo mbano ulipaswa kupalinda. Ukiona springi imepasuka katikati kabisa, usilaumu springi peke yake, uliza nani alikaza yubolti.

Kwangu mimi kulikuwa na ubaya wa ziada. Bamba aliloongeza lina unene wa milimita 8 hivi. Yubolti za zamani zilikatwa kwa urefu wa springi ya kwanza. Akiongeza bamba, nati inaishia kwenye ncha ya bolti, haina hesi za kushika. Za kulia bado ziko, nimezipiga picha: uso wa nati na ncha ya bolti viko sawasawa, hakuna hata hesi moja iliyochungulia nje. Fundi aliliona hilo kwa macho yake alipokuwa anakaza. Alijua.

Nilimrudia na kipande mkononi. Maneno yake ya kwanza: "Mzee, yubolti haizeeki." Nikamuonyesha njano. Akanyamaza, kisha akasema mpya zangu zilikuwa na hesi mbovu kwa hiyo "alinisaidia." Nikamuuliza, "Mbona hukunipigia simu?" Kimya. Mwenye gereji akaingilia, akasema nilipakia kupita kiasi. Gunia tisa! Gari hilo nimelipakia gunia tisa tangu nilipolinunua. Mwisho akatoa shilingi 50,000 mfukoni, akataka nizipokee mbele ya watu ili yaishe. Sikuzigusa.

Najua humu wapo watakaosema wao wamerudishia yubolti mara tatu na gari linatembea. Sawa, gari dogo, hesi safi, hakuna bamba lililoongezwa, mwenye gari anajua na amekubali, huo ni uamuzi wake. Mimi sikuulizwa. Nililipia kitu, nikafichwa, nikapakiwa mtoto juu ya uongo huo.

Na kuna wale wa pili, wanaokukunjia yubolti kutoka chuma chochote cha mviringo kwa kukipasha moto, halafu wanachonga hesi. Chuma laini kinavutika na hakirudi. Utakaza leo, wiki ijayo kimelegea, utakaza tena, mwisho kinakatika. Ukinunua, angalia nati na wosha kwanza. Bolti ya nguvu yenye kichwa ina alama 8.8 au 10.9 kichwani; yubolti haina kichwa, kwa hiyo tazama nati yake, ina 8 au 10. Hiyo 8.8 maana yake ni kwamba chuma kinahimili megapaskali 800 kabla ya kukatika, na huanza kuvutika bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hapo. Senta bolti nayo isiwe bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi: kichwa chake ni cha duara, kinaingia kwenye tundu la ekseli bila kucheza. Ya pembe sita haikai vizuri humo.

Sasa gari nimelifunga mwenyewe, nikisaidiwa na mzee mmoja wa Tororo aliyefanya kazi ya malori miaka mingi. Mzee huyu alinifanya nisugue vibao na kiti cha ekseli kwa brashi ya waya mpaka vikang'aa, maana rangi na kutu katikati vikisagika, mbano unapotea. Tulikaza kwa kupishana, kona hii na kona ya pili yake, kidogo kidogo, hatua tatu, si kumaliza upande mmoja kwanza. Bolti za bushi alikataa kabisa tuzikaze gari likiwa kwenye jeki. Tulilishusha chini, likasimama kwa miguu yake, ndipo tukakaza, kwa sababu mpira wa bushi ukikazwa springi imening'inia unabaki umejisokota kila siku na unachanika. Baada ya kilomita 100 tumerudia kukaza, na nati za yubolti mbili kati ya nne zilikubali kuzunguka kidogo. Nitarudia tena kwenye 500. Gereji ile haikuniambia nirudi hata mara moja.

NYONGEZA: Ndugu aliyeuliza atajuaje kama amefanyiwa hivi: ingia chini na tochi leo. Tafuta vumbi jekundu linalotoka kama unga pembeni mwa nati au kati ya mabamba, hilo ni chuma kinachosagana. Tafuta mstari unaong'aa kwenye ekseli pembeni mwa kibao, maana yake kinatembea. Hesabu hesi zinazotokeza nje ya nati, zisipokuwepo usipakie. Na kabla hujaacha gari gereji, weka alama ya rangi kwenye vyuma vyako mahali fundi hataona, kisha dai upewe vya zamani vyote kwenye gunia kabla hujalipa. Watu wa skrepu wanaweza kungoja hadi jioni.

NYONGEZA 2: Wengi mnataka nitaje jina la gereji. Sitalitaja hapa kabla shauri halijasikilizwa. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ametuita Jumamosi saa nne, mimi, fundi, mwenye gereji na wale wawili waliosikia makubaliano. Nadai 88,000 zangu, gharama ya senta bolti na mpira wa breki, kunyoosha bodi, na kila mwenye gari aliyefungiwa springi pale tangu mwezi wa kwanza apigiwe simu alirudishe likaguliwe. Hilo la mwisho sitaliachia. Yubolti zote nne ziko kwenye mfuko chini ya kitanda changu, sijazifuta, njano inaonekana.