Wewe wa Haisi nyeupe uliyenirushia gunzi pale Sae, uzi huu ni wako

Mkwe Mwema
Wakuu, leo sina salamu. Nimefika nyumbani nusu saa iliyopita, hata viatu sijavua, mikono bado inatetemeka.

Watu wa Mbeya mnamjua huyu mtu. Simtaji, na hana haja ya kutajwa. Haisi nyeupe, bampa la mbele linashikiliwa na waya, indiketa ya kulia inawaka tangu mwaka jana na hajawahi kukata kulia, honi inalia kama mbuzi anayechinjwa. Kama unapita Uyole hata mara mbili kwa wiki, umeshakula vumbi lake.

Leo nimetoka Tukuyu kumchukua mama mkwe, anakuja kumwona mjukuu. Mama kakaa mbele, kitenge kipya, mkungu wa ndizi uko nyuma. Tunaingia Uyole, foleni. Ile si foleni, ile ni nchi nzima inahama. Semi za Tunduma zimepangana, moja iko mbele yangu, nyingine inanipumulia kisogoni, na huo ujenzi wa njia nne umebana kilichobaki. Tumetulia wote. Tunazima gari, tunawasha, tunasogea hatua mbili, tunazima. Dakika 40 Uyole mpaka Sae!

Ndipo akaja. Anatanua kushoto, nje ya lami kabisa, akina mama wa parachichi wananyanyua ndoo zao na kukimbia, vumbi mpaka sioni pua ya gari langu. Alipofika usawa wangu akachomekea, mahali ambapo hata baiskeli ingeomba ruhusa. Nikapiga honi. Moja. Fupi. Ya kistaarabu.

Akateremsha kioo. Sasa yeye yuko kushoto kwangu, kwa hiyo dirisha lake likawa uso kwa uso na mama mkwe. Anatafuna hindi la kuchoma. Akamruka mama kwa macho, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Mbalizi: "Mzee, si umpishe mama aendeshe!" Kisha akarusha gunzi. Likadunda kwenye boneti, likabingirika, likanasa kwenye waipa. Abiria wake wakacheka. WOTE. Konda akapiga bodi makofi kama timu imefunga goli.

Gunzi, wakuu. Lina mate. Punje tatu bado zimebaki.

Na mimi ningejibu nini? Nimekulia Mwanjelwa, matusi ninayo ya kutosha kujaza fuso. Lakini mama mkwe yuko hapo, mkono wake umeshika mkoba. Nikameza yote. Mama akalitazama gunzi, akanitazama mimi, akauliza taratibu: "Baba, kwani mnafahamiana?"

Nimeendesha na lile gunzi mbele ya macho yangu kutoka Sae mpaka Mafiati. Kila nikisogea hatua mbili, nalo linatikisa kichwa.

Konda Mstaafu
Bila picha ya gunzi hii ni chai.

Binti Isanga
Namjua huyo! Juzi kasimama katikati ya barabara pale Kabwe, anasalimiana na mwenzake wa Kosta, wanaulizana habari za msiba. Foleni nzima imesimama mpaka marehemu azikwe. Ukipiga honi anakuangalia kama umevamia nyumba yake.

Kimya Kingi
Mleta uzi, waipa si ungewasha tu?

Mkwe Mwema
@Kimya Kingi waipa ingelisambaza kwenye kioo chote! Halafu ndiyo nafanyaje, nafuta mate ya mtu mzima mbele ya mama mkwe? Wewe gunzi ulilisikia tu, mimi nimekaa nalo.

Parachichi Bichi
Hahaha povu ruksa. Ila mkuu, mama mkwe ndiye aliyeniua mimi. "Baba, kwani mnafahamiana?" Nimesoma mara nne.

Hesabu ya Tajiri
Mimi naendesha Haisi na nitasema ukweli. Mnakaa kwenye vigari mtu mmoja mmoja, mnasikiliza redio. Mimi nina roho 16 ndani, na jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Hajawahi kunipunguzia kwa sababu Sae kulikuwa na foleni. Tusipotanua, watoto wetu watakula lami?

Mkwe Mwema
Na gunzi nalo lilikuwa la hesabu?

Hesabu ya Tajiri
Gunzi sijalitetea. Gunzi ni tabia yake.

Semi Mbili
Nyie mnalia gunzi. Njooni mlima Kitonga, kule Iringa. Nashuka na mzigo, jumla tani 56, gia ya chini, breki ya injini inanguruma. Nimeacha nafasi mbele makusudi, nisikanyage breki muda wote zikashika moto. Kigari kidogo kikiona ile nafasi kinadhani nimekiwekea chenyewe. Kinaniovateki kwenye kona, kinachomekea, halafu KINAPUNGUZA MWENDO. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, wewe na tani zako mnatafutana na Paso yenye stika ya "Tutafika tu". Breki zikishapata moto unakanyaga mguu unazama, hakuna kitu. Ile harufu naijua hata usingizini.

Mhehe Mtulivu
Kamwene wakuu. @Semi Mbili nakuheshimu kaka, ila nyie wa semi ndio wabaya kuliko wote. Gari likiharibika mnakata matawi mnayatandika barabarani nyuma na mbele, sawa, tunaelewa. Mnaweka mawe kwenye matairi, sawa. Gari likipona mnaondoka, mawe mnayaacha palepale kwenye lami! Mafinga alfajiri, ukungu huoni hata mikono yako kwenye usukani, unakutana na jiwe la ukubwa wa mbuzi. Limenipasulia sampo, oili yote chini, nimekaa kwenye baridi ile mpaka saa nne. Jiwe la nani? Halina mwenyewe.

Semi Mbili
Hilo la mawe nakubali. Matingo wetu wana haraka.

Binti Isanga
Na wale wa magari ya IT, yale yanayopita tu hapa nchini kwenda Zambia? Makambako usiku wanakuja watano wamefuatana, fulu taa wote, ukiwapigia taa washushe wanakuongezea na za ukungu. Unafunga macho unaomba Mungu.

Mzee wa Reli
Vijana, TAZARA ilijengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, inapita hapohapo Mbeya. Mzigo wa Zambia ungepanda reli, leo tungekuwa tunaongelea foleni gani?

Konda Mstaafu
Mzee shikamoo, lakini reli haichukui abiria wa Uyole kwenda Mafiati.

Mhehe Mtulivu
Madereva wa Iringa angalau wanasimama kwenye pundamilia. Mbeya pundamilia ni mapambo.

Parachichi Bichi
Iringa mnasimama kwa sababu kilima kimewashinda, msitudanganye.

Mhehe Mtulivu
Njoo na hicho kibajaji chako upande Ipogolo kwenda mjini ndipo uongee.

Mkwe Mwema
Jamani turudi kwenye mada. Anayejua huyu jamaa anapaki wapi usiku aniambie. Simfanyi kitu. Gunzi nimelihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, nataka nimrudishie mkononi, na aniombe radhi mbele ya mama mkwe kabla hajarudi Tukuyu Jumapili.

Kimya Kingi
KALIHIFADHI 😂😂😂

Konda Mstaafu
Basi picha ipo. Tuma.

Semi Mbili
Kuna mtu amepita Kitonga jioni hii? Nasikia kuna semi imezima kwenye kona, upande wa kupanda.

Mhehe Mtulivu
Nimepita saa kumi, wanaruhusu upande mmoja mmoja. Beba maji na kitu cha kula.

Njombe Damu
Nje ya mada kidogo: kuna anayetoka Makambako kesho alfajiri kuja Mbeya na ana nafasi nyuma? Nina gunia 2 za viazi, nauli tutaelewana.

Semi Mbili
@Njombe Damu viazi vya mviringo au vitamu?