Ati "timu iliyofungwa kwa eaboli haina kipaji"?? Aiache Houston ya 1983 kama ilivyo!!

Rimu Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Natoka kiwanjani sasa hivi, jezi bado imenigandia mgongoni, sijaoga, sijala na sili mpaka nimelitoa hili moyoni.

Simtaji mtu. Mnamjua. Yule wa soksi mpaka magotini, ambaye tangu Nyerere yuko Ikulu hajawahi kurudi nyuma kukaba, akikosa lei-apu analaumu upepo. Tumemaliza gemu, tumekaa pale kwenye ngazi tunapooza miili, stori zikahamia timu za kikapu za vyuo vya Marekani. Mimi kwa heshima zote nikasema kama tunaongelea kipaji tupu, basi Chuo cha Houston ya 1983, wale walioitwa kwa utani Phi Slama Jama, huwezi kuwaacha nje ya tano bora. Jamaa hata hakunijibu mimi. Akawageukia madogo, akachomoa kijiti mdomoni, akasema, "Timu iliyofungwa fainali kwa eaboli, hicho ni kipaji au ni sarakasi?"

Madogo wakaangua kicheko. Wote! Hata yule katoto kanakokuja kuokota mipira, ambako ukikauliza Houston iko wapi katakwambia iko mbele ya Kibaha, nako kakacheka mpaka kakajishika tumbo.

Kwa eaboli, yaani mtupo usiogusa hata rimu. Jamani. KWA EABOLI.

Hivi mtu mwenye akili timamu anaangalia timu yenye Hakeem Olajuwon na Clyde Drexler kwa pamoja, wakiwa wanafunzi wa chuo, halafu anasema sarakasi? Hakeem ambaye drafti ya 1984, timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, aliitwa namba moja na Michael Jordan akasubiri mpaka namba tatu? Drexler ambaye 1992 alikuwa Olimpiki ya Barcelona na Dream Team, timu ya taifa ya Marekani? Na hao wawili hawakuwa hata wanaoongoza kwa kufunga kwenye ile timu, aliyekuwa anaongoza ni Michael Young!! Sasa timu ambayo Hakeem na Drexler si wafungaji namba moja utaiitaje? Mechi 26 wameshinda mfululizo kabla ya ile fainali. Nusu fainali wakakutana na Louisville, watu wenye sifa ya kudanki Marekani nzima, wakawadankia wao mpaka ikaisha 94-81, Hakeem ribaundi 22 na bloku 8 peke yake. Bloku nane! Jamaa wa soksi tangu azaliwe hajabloku hata mlango wa daladala.

Halafu anachomoa kijiti mdomoni anasema eaboli. Nilikuwa nimeshika chupa ya maji nikaiminya mpaka kizibo kikaruka.

Modi msiuunganishe uzi huu na ule wa NBA, haya ni mambo mengine.

Mzee wa Kona

Ngoja nivute kiti. Mkuu huyo namjua, ndiye aliyesema Bill Russell hana kitu kwa sababu hakuwahi kufunga pointi tatu. Ukimwambia mstari wenyewe haukuwepo anakwambia angeuchora.

Chenga Moja

Povu lote hili kwa timu isiyo na kombe? Tuhesabu wote. 1982 Final Four, yaani timu nne za mwisho kwenye ubingwa wa vyuo, wamepigwa. 1983 Final Four, wamepigwa. 1984 Final Four, wamepigwa. Na chuo chenyewe juzi tu 2025 kimefika fainali tena, Florida 65-63, wamepigwa kwa pointi mbili zile zile. Kipaji hicho mnakihifadhi wapi, kwenye friza?

Rimu Kavu

Chenga Moja usinitibue. 1982 waliowatoa ni North Carolina ya Jordan, Worthy na Perkins, 68-63, na ndio waliobeba kombe. 1984 ni Georgetown ya Patrick Ewing, 84-75. Hao ndio unaowaita aibu kufungwa nao? Wewe umefungwa na nani juzi, si timu ya wahasibu?

Na hakuniambia "hawana kombe". Angesema hawana kombe ningenyamaza. Alisema EABOLI. Mbele ya watoto.

Dogo wa Upanga

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye haya mambo, hiyo eaboli ni ipi?

Bi Ribaundi

Dogo kaa hapa dada yako akueleze maana hawa watagombana tu. Tarehe 4 Aprili 1983, Albuquerque, New Mexico, uwanja unaitwa The Pit. Houston dhidi ya NC State, chuo cha kule Raleigh, si North Carolina ile ya Jordan, timu iliyokuwa imeshafungwa mechi 10 msimu ule na hakuna aliyeipa nafasi. Ubao unasoma 52-52, NC State wanakaa na mpira wanasubiri mtupo wa mwisho. Mpira nusura upokonywe, Dereck Whittenburg akauwahi mbali kabisa na goli, akautupa tu. Ukawa mfupi, haukugusa hata rimu. Chini ya rimu alikuwepo Lorenzo Charles, akaudaka hewani akaudanki, 54-52, imekwisha. Kochi wao Jim Valvano akatoka mbio kiwanjani anatafuta wa kumkumbatia.

Mleta uzi nakuunga mkono kuhusu kipaji, ila usitulishe chai. Ile mechi Houston waliipoteza wenyewe. Drexler alipata faulo ya nne kabla hata ya mapumziko, nyota wako huyo, kochi kamwacha uwanjani na tatu mkononi! Akamaliza na pointi 4. Kipindi cha pili wakawakimbiza NC State 17-2, wametoka nyuma 33-25 mpaka wanaongoza 42-35, moto unawaka, halafu kochi Guy Lewis na taulo lake anawaambia wapunguze mwendo. Timu ya kukimbia unaiambia itembee! Na mitupo huru wakapata 10 kati ya 19. Kumi na tisa, kumi. Hapo hata mimi na magoti yangu haya.

Rimu Kavu

Dada asante kwa kumfundisha mtoto, lakini umesoma ulichoandika mwenyewe? "Akaudaka hewani akaudanki." AKAUDANKI. Kwa hiyo walifungwa kwa DANKI. Eaboli haihesabiwi pointi popote duniani, hata kwenye kiwanja chetu ambacho mtu akipiga kelele anapewa faulo. Sasa huyu bwana anasemaje timu imefungwa kwa eaboli? Na anacheka! Na kijiti!

Na katika mechi hiyo hiyo Hakeem alikuwa na pointi 20 na ribaundi 18 wakampa yeye tuzo ya mchezaji bora wa Final Four akiwa upande uliofungwa. Upande uliofungwa wakuu. Waandishi wa habari wa Marekani waliona kipaji, wa soksi hakuona.

Mpanda Milima

Mnasahau jambo moja, Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni juu kuliko Arusha mjini. Houston ni tambarare ya pwani kama sisi huku Dar. Nenda kacheze gemu mbili Arusha umetoka Kinondoni, kipindi cha pili utaita mama. Na ile timu ndiyo iliyokuwa inategemea kukimbia na kuruka.

Chenga Moja

Mpanda Milima kwani NC State walitokea Himalaya? Raleigh nako tambarare tu.

Sauti ya Hesabu

Tuweke mambo sawa. Tukiongelea timu kali ya chuo mjadala unaanzia UCLA, chuo cha Los Angeles, na kuishia UCLA. Ushindi wa mechi 88 mfululizo. Makombe 10 ndani ya misimu 12, 1964 mpaka 1975, chini ya John Wooden. Fainali ya 1973 Bill Walton katupa mara 22 zimeingia 21, pointi 44. Houston ni timu ya mabango. Na mleta uzi ukiwatajia watu bloku 3,830 za Hakeem, najua unakuja huko, kumbuka NBA walianza kuhesabu bloku msimu wa 1973-74, Russell na Wilt Chamberlain waliocheza kabla ya hapo hawamo.

Rimu Kavu

Sijataja 3,830! Nilikuwa najiandaa kuitaja umeniwahi! Ila sawa, Hakeem ana bloku 3,830 na hakuna mwenye nyingi kuliko yeye tangu zianze kuhesabiwa. Huyu ni mtoto wa Lagos aliyekuwa golikipa wa mpira wa mikono, kikapu kakishika akiwa kijana mkubwa, 1980 kaingia Houston hajui hata kusimama chini ya goli, miaka mitatu baadaye yuko fainali anawapangusa watu mipira kama anafukuza nzi. Kama hicho si kipaji basi neno lifutwe kwenye kamusi.

Na mniambie ni chuo gani kilitoa watu wawili ambao miaka 12 baadaye, 1995, wakakutana tena mji ule ule kwenye timu ya NBA wakaifagia Orlando ya Shaq 4-0 fainali. Ni chuo gani??

Vegas ya Buguruni

Nyie wote mnapiga kelele, timu kali kuliko zote ni UNLV, chuo cha Las Vegas. Fainali ya 1990 waliipiga Duke 103-73, pointi THELATHINI kwenye fainali. Msimu uliofuata wakaingia Final Four hawajafungwa hata moja, 34-0, Larry Johnson, Stacey Augmon, Greg Anthony, Duke wale wale wakawatoa 79-77. Shemeji yangu kila Krismasi ananiambia ile mechi waliiuza. Kila Krismasi! Tunakula pilau yeye anaanza. Ningekuwa na ujasiri wa mleta uzi na mimi ningemfungulia uzi.

Mzee wa Kona

Fungua tu mkuu, tutakuja na viti.

Nyuma ya Ubao

Mimi nimesoma uzi wote nimeona Lagos, Georgetown, Vegas, sijaona Hasheem Thabeet. Mtanzania, UConn yaani Chuo cha Connecticut, Final Four ya 2009, drafti namba mbili nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Watu wakimtaja ni kumcheka tu, ati mbele ya Curry. Kwani yeye ndiye aliyejichagua? Mtu wa kwanza kutoka nchi hii kuingia NBA mnamfanya kichekesho, halafu mnatoa machozi kwa timu ya 1983. Hili ndilo linaloniuma mimi.

Bi Ribaundi

Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Pale UConn alikuwa ukuta, watu walikuwa wanageuza njia wakimwona. Wanaocheka hawajawahi kuangalia hata mechi yake moja ya chuo.

Rimu Kavu

Thabeet namheshimu sana tu, ila jamani turudi kwenye mada. Mtu amesema eaboli mbele ya watoto.

Kolo Damu

Hii inanikumbusha mtani wangu anavyosema goli letu lilikuwa la kuotea. Nyie wa kikapu mna bahati, nyie ni 1983, sisi ni kila wiki.

Mwana Jangwani

Kolo kaa kimya, lilikuwa la kuotea.

Tajiri wa Bando

Mnaongelea timu mnaziona wapi? Mechi za vyuo zinachezwa saa nane usiku huku kwetu, nimenunua bando la usiku, robo ya kwanza haijafika nusu limekata, nawapigia huduma kwa wateja naambiwa "limetumika". Limetumika na nani, nimelala nalo?

Dogo wa Upanga

Vyuo vya Marekani wanaume hawachezi robo mkuu, ni vipindi viwili vya dakika 20.

Tajiri wa Bando

Basi limekata mapema zaidi.

Mama Kiwanja

Jamani samahani naingilia. Mnajua kile kiwanja mnachogombania historia pale, Jumamosi kimepangishwa tena kwa harusi? Wiki iliyopita wameweka turubai, vigingi vimechimbiwa kwenye sakafu, mstari wa mitupo huru umetobolewa matundu mawili. Wanangu wana mazoezi saa kumi, wamekuta viti vya plastiki na spika. Tukiuliza tunaambiwa tuandike barua.

Chenga Moja

Yaani lile tundu la kushoto ndilo lililonitegua kifundo Jumanne! Mimi nilidhani panya.

Mzee wa Kona

Na rimu ya upande wa barabarani imelala kama mtu kachoka, watu wananing'inia kupiga picha. Bolti mbili za chini hazipo.

Rimu Kavu

Rimu imelala kwa sababu ya huyo huyo wa soksi! Kila akija lazima aning'inie, na hawezi hata kudanki, anapanda kwenye ndoo!

Fundi Chuma

Wakuu rimu ninaweza kuinyoosha, karakana yangu iko hapo nyuma ya soko. Bolti naweza kutoa mwenyewe, nahitaji ngazi ndefu na mtu wa kushika, na umeme wa kuchomelea uvutwe kutoka jirani.

Mama Kiwanja

Fundi ubarikiwe. Ngazi ipo kanisani, nitaongea na mzee wa kanisa. Umeme tumwombe mama wa genge pale kona, tutamwekea yuniti.

Bi Ribaundi

Mimi nachangia simenti mfuko mmoja wa kuziba matundu. Nani ana pikapu?

Mpanda Milima

Ninayo, ila mafuta mchange. Jumapili baada ya ibada?

Chenga Moja

Jumapili sawa. Saa tano iwe imeshamwagwa, ikauke mpaka Jumanne, na mtu akae alinde isije ikakanyagwa na mbuzi wa mzee wa pale nyuma.

Fundi Chuma

Nitakuja na wawili wangu. Nitumieni vipimo vya bolti leo leo, duka linafungwa saa kumi na mbili.