Jamalullail: uzuri wa usiku au ngamia wa usiku?

Mjukuu wa Ngazija
Assalaam alaykum. Sisi kwa upande wa baba ni wa ukoo wa Jamalullail, lakini sikuwahi kuelezwa maana ya jina hilo. Juzi mwenzangu anayejifunza Kiarabu aliniambia kuwa jamal ni ngamia, basi sisi ni "ngamia wa usiku". Nawaandikia wanangu nasaba yao, na nisingependa kuwarithisha kosa.

Mwalimu wa chuoni
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwenzako amepotezwa na irabu moja tu. Jamal yenye "a" fupi ni ngamia kweli, lakini jina lenu lina alifu, herufi ya kuvuta "a", baada ya mimu, kwa hiyo "a" ya pili huvutwa, na neno hilo maana yake ni uzuri. Ndilo lililo jirani na jamala yetu ya Kiswahili, yaani wema na adabu. Layl ni usiku, kama katika Lailatulkadiri. Hii ilikuwa lakabu ya babu yenu Muhammad bin Hasan wa Tarim, Hadhramaut, huko Yemen, aliyesifika kwa kukesha akisali, kisha sifa ya mtu mmoja ikawa jina la kizazi kizima. Masharifu wengi wa huko walipata majina kwa njia hiyo: Saqqaf, kwa mfano, imetokana na saqf, yaani paa, neno lililotupa sakafu.

Mkaazi wa Langoni
Nami niongeze la huku Lamu. Habib Saleh bin Alawi, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha, alikuwa Jamalullail mzaliwa wa Ngazija, kisiwa cha Komoro, na wazee wetu humkumbuka zaidi kwa kuwafungulia darasa watu wanyonge, wakiwemo wazao wa watumwa. Ukoo huo umefika mbali: watawala wa Perlis, nchini Malaysia, ni Jamalullail tangu 1843.

Mjukuu wa Ngazija
Mmenipa faraja kubwa. Je, niandike Jamalullail au Jamalilail? Hati za marehemu babu zina zote mbili.

Mwalimu wa chuoni
Zote ni sahihi, kwani "u" na "i" hiyo ni mwisho wa neno la kwanza la jina, nao hubadilika kwa kufuata nafasi yake katika sentensi ya Kiarabu. Shika ile iliyo katika pasi zenu, ila pembeni yake andika jina kwa herufi za Kiarabu, na alifu isisahauliwe.