Shingo imekaza: nikandwe, niende fiziotherapia, au nivunjwe na kinyozi?

MshonaViua, Wete
Assalaam alaykum jamani. Mie hushona kofia za viua (vile vitundu vidogo vya kudariziwa), kutwa nimeinama. Wiki ya sita hii shingo imekaza upande wa kulia, mtoto akiniita nageuka mwili mzima. Nimeambiwa njia tatu: bibi mkandaji wa mtaani, fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi) hospitali, au kinyozi wa mume wangu, anayemshika mtu kidevu na kisogo akampindua ghafla mpaka shingo ilie ka! Nani kajaribu? Pesa ya kupoteza sina.

Mchumaji_Karafuu
Waalaykum salaam dada. Msimu mzima mie macho juu mkarafuuni, shingo naijua. Anza kwa mkandaji. Bibi anayenikanda hupasha mafuta ya nazi, akatia matone ya mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu (usipake matupu, yanaunguza ngozi). Haanzii penye maumivu. Huanza begani, akapanda taratibu kwa kidole gumba mpaka kwenye fundo, hapo hutulia, akakandamiza bila kusugua, akasubiri lilegee. Usiku ule nalala. Ila siku ya tatu linarudi.

AmiWaMkoani
Kwa kinyozi usiende, mwanangu. Mie nilivunjwa mara nne, na raha nilikuwa naiona. Ya nne nilitoka kitini ukuta unazunguka, nikatapika njiani. Siku mbili sikuinuka. Nilishukuru Mungu yakaishia hapo.

MikonoYaTiba, Unguja
Ami, pole sana, na ungefika hospitali siku ile ile. Kazi yangu ni fiziotherapia, na hili linanikera. Shingo ina pingili saba, na mishipa miwili ya damu iendayo ubongoni hupita kwenye vitundu vya zile sita za juu. Kupinda ghafla kunaweza kuchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, lakini kiharusi hakirudishwi. Na ule mlio si mfupa unaorudi mahali pake, ni gesi ndani ya maji ya kiungo.

Sisi wengi husogeza pingili polepole, mbele na nyuma, mgonjwa akiwa na uwezo wa kusema basi wakati wowote. Watafiti waliolinganisha njia hii na ile ya kuvunja ghafla waliona nafuu inakaribiana. Sasa ya hatari ya nini?

Bi Mshona, kukandwa si vibaya, kunalegeza misuli. Lakini fundo litarudi ukirudi kuinama vile vile. Mkono wa mtu uende pamoja na mazoezi. Lakini ukisikia ganzi mkononi, sindano zikikuponyoka, ukiwa na homa, au kama uliwahi kuanguka, usikandwe kwanza. Nenda ukapimwe.

MshonaViua
Ganzi sina, homa sina. Zoezi gani nifanye mwenyewe?

MikonoYaTiba, Unguja
Kuna njia ya Brian Mulligan, mtaalamu wa fiziotherapia wa Nyuzilandi, wenzake hutumia taulo, wewe chukua kanga. Upindo uweke nyuma ya shingo pale palipokaza. Ukigeukia kulia, ncha ya kulia ishikilie chini kifuani kwa mkono wa kushoto. Ya kushoto ivute mbele kwa mkono wa kulia, usawa wa jicho, huku kichwa kinageuka pole pole. Isiume hata kidogo. Ikiuma, shusha au pandisha upindo kidogo, na bado ikiuma, acha. Mara ya kwanza afadhali uoneshwe na mtu wa fiziotherapia.

Mchumaji_Karafuu
Na kofia iinue, dada. Mke wangu huweka mito miwili mapajani.

MshonaViua
Siku ya kumi leo. Nilioneshwa hospitali, kanga asubuhi na jioni, mito miwili, na bibi kanikanda mara moja. Kulia nafika begani. Kushoto nilikuwa sina tatizo, ila sasa nasikia kunavuta kidogo. Nipumzike au niendelee?

MikonoYaTiba, Unguja
Pumzika siku mbili, kisha uvute kwa nguvu nusu. Kiua kimoja kikiisha, simama.