Amri ya Mahakama Kuu Mombasa imekaidiwa: tukienda Arusha tutapata nini?

Msaidizi_Likoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Wachuuzi kadhaa hapa Mombasa walipewa amri ya muda na Mahakama Kuu kuzuia vibanda vyao visibomolewe. Amri ikapelekwa kwa afisi husika na nakala ikapigwa muhuri wa kupokewa. Usiku wa 9 Februari vibanda vikabomolewa vivyo hivyo. Sasa kila mtu kinywani ni "Arusha, Arusha". Nauliza: Arusha ipi, maana mahakama ziko mbili? Ni lazima tumalize ngazi zote za Kenya kwanza? Na tukishinda, mkononi tunabaki na nini? Naomba majibu ya sheria, siasa tuwaachie wenyewe.

Bahari_na_Sheria

Waaleikum salaam. Mnayoitaka ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chini ya kifungu 30(1) cha Mkataba wa Jumuiya, mkaazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupinga sheria, uamuzi au kitendo cha nchi hiyo kinachovunja Mkataba. Kumaliza mahakama za nyumbani si sharti. Mkataba hausemi hivyo popote, na katika kesi ya Plaxeda Rugumba dhidi ya Rwanda (2011) hoja hiyo ya serikali ilitupwa.

Ugumu uko katika namna ya kuandika shauri lenyewe. Mahakama hii haijapewa rasmi mamlaka ya kusikiza kesi za haki za binadamu. Kifungu 27(2) kinasema mamlaka hayo yatakuja baadaye kwa itifaki, na "baadaye" hiyo tumeingoja tangu Mkataba uanze kutumika mwaka 2000. Kwa hivyo mkiandika "haki ya mlalamishi ya kumiliki mali chini ya kifungu 40 cha Katiba ya Kenya imekiukwa", mmempa wakili wa serikali pingamizi la awali (hoja ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikizwa) bure bilashi. Andikeni hivi: "Kwa kubomoa vibanda tarehe 9 Februari hali amri halali ya mahakama ikiwa hai, Mlalamikiwa amekiuka kanuni ya utawala wa sheria katika vifungu 6(d) na 7(2) vya Mkataba." Ukweli ni ule ule, ila mlango unaoingilia ni mwingine.

Na kesi ya kuegemea mnayo. James Katabazi na wenzake dhidi ya Uganda, shauri nambari 1 la 2007. Washtakiwa 14 walipewa dhamana na Mahakama Kuu ya Uganda mnamo Novemba 2005, watu wenye silaha wakaizingira mahakama, dhamana ikawa karatasi tu, wakarudishwa gerezani. Tarehe 1 Novemba 2007 majaji wa Arusha walisema hawatajitwika mamlaka ya haki za binadamu wasiyopewa, lakini pia hawatakimbia kazi yao ya kufasiri Mkataba eti kwa sababu tu malalamiko yanagusa haki za binadamu. Wakaamua kwamba kutumia nguvu kuzuia amri ya mahakama isitekelezwe ni kuvunja utawala wa sheria, na hivyo ni kuvunja Mkataba. Kesi yenu ni ndugu wa damu wa hiyo.

Mnayemshtaki ni Mwanasheria Mkuu wa Kenya, hata kama aliyebomoa ni afisi ya ngazi ya chini. Dola haiwezi kujitetea kwa kusema kiungo chake fulani ndicho kilichokosea.

Mwembe_Tayari77

Naongeza kidogo kuhusu ile mahakama ya pili ya Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ni ya Umoja wa Afrika. Kenya imeridhia itifaki yake lakini haijatoa tamko la kifungu 34(6) la kuruhusu raia na mashirika kuishtaki moja kwa moja. Mkipeleka karatasi zenu huko zitarudi. Njia iliyopo ni kupitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul. Ndivyo kesi ya Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, ilivyofika: Tume ndiyo iliyoishtaki Kenya, hukumu ikatoka 26 Mei 2017, fidia ikaamuliwa 23 Juni 2022, shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine. Hesabu hiyo miaka. Na Tume, tofauti na mahakama ya Jumuiya, inataka mmalize njia za nyumbani kwanza, isipokuwa zikiwa zinaburutwa kupita kiasi.

Msaidizi_Likoni

Shukran sana. Swali la tarehe sasa. Amri ilitoka Januari, ubomoaji ni Februari, na mwezi Machi tuliandika barua ya kudai vibanda virudishwe, wakakataa kwa maandishi. Baadhi yetu wanasema muda unahesabiwa kutoka kwenye barua ya Machi, tena vibanda havijarudi hadi leo, kwa hivyo ukiukaji bado unaendelea. Ni sawa?

Hati_ya_Kiapo

Si sawa, na hapo ndipo kesi nyingi nzuri zimefia. Kifungu 30(2) kinatoa miezi miwili tangu kitendo kifanyike, au tangu mlalamishi akijue pale ambapo hakuna tarehe ya wazi. Wachuuzi wameamka asubuhi wakakuta mabati chini. Hakuna atakayeamini kwamba walijua Machi. Hesabuni kuanzia 9 Februari, mwisho ni 9 Aprili, na mimi ningewasilisha kabla Machi haijaisha.

Hiyo hoja ya "ukiukaji unaoendelea" ilishajaribiwa na Kenya hii hii. Shirika la haki za binadamu la IMLU lilipeleka Arusha malalamiko ya mateso na mauaji ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008. Kitengo cha Mwanzo cha mahakama ya Jumuiya kilikubali kusikiza. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 15 Machi 2012 Kitengo cha Rufaa kikasema shauri limechelewa: Mkataba hauipi mahakama uwezo wa kuongeza muda, wala hautambui ukiukaji unaoendelea kama njia ya kuupita muda huo. Malalamiko mazito kiasi hicho yakafungiwa nje kwa sababu ya kalenda. Mimi naona uamuzi ule ni mkali mno, lakini ndio uliopo.

Barua ya Machi itajeni kama uamuzi wa pili, kwa tahadhari, lakini msiifanye nguzo. Upande wa pili watasema inathibitisha tu kilichofanyika Februari.

Kwa wanaojiuliza sharti hili lilitoka wapi, Mkataba wa mwanzo haukuwa nalo. Tarehe 27 Novemba 2006 mahakama iliwazuia wabunge wa Kenya wa Bunge la Afrika Mashariki wasiapishwe, katika kesi ya Anyang' Nyong'o. Siku 17 baadaye wakuu wa nchi walitia saini marekebisho ya Mkataba: kitengo cha rufaa, sababu mpya za kumwondoa jaji, na ukomo huu wa miezi miwili. Mwenye macho haambiwi tazama.

Bahari_na_Sheria

Nakubaliana na Hati ya Kiapo kuhusu muda, ila msije mkaiacha Mombasa kwa kuikimbilia Arusha. Ombi la kudharau mahakama lipelekeni sasa hivi kwa jaji aliyetoa amri, kwa maana Arusha haimfungi mtu jela. Kesi mbili zaweza kwenda sambamba, maana swali la Mombasa ni nani alikaidi amri, na la Arusha ni kama Kenya imevunja Mkataba. Wakili yeyote anayeruhusiwa kusimama Mahakama Kuu ya Kenya anaweza kusimama Arusha. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, kwa hivyo hati za kiapo za wachuuzi zitafsiriwe, na mtafsiri naye aape.

Bandarini_Msomi

Swali la "tunabaki na nini" limerukwa, na kwangu ndilo zito. Aghalabu mtapata tamko kwamba Kenya imevunja Mkataba. Fidia inawezekana: Novemba 2020 mwanasiasa Martha Karua alipewa na Arusha dola 25,000 dhidi ya Kenya, katika kesi iliyogusa mpaka uamuzi wa Mahakama ya Juu. Lakini iombeni waziwazi, na risiti za bidhaa, leseni za biashara na picha zenye tarehe ziambatanishwe.

Kifungu 44 kinasema hukumu ya pesa inatekelezwa kwa kanuni za madai za nchi husika, kinachohitajika ni Msajili kuthibitisha kwamba hukumu ni halisi. Kwenye karatasi inapendeza. Kenya lakini ina kifungu 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali, kinachokataza kukamata mali ya serikali. Yaani mtachukua cheti cha amri, kisha mtarudi Mahakama Kuu kuomba afisa mhasibu aamriwe kulipa, na asipolipa ndipo mumfuate kwa kudharau mahakama. Yakhe, ni mzunguko huo.

Linganisheni na Umoja wa Ulaya. Poland ilipokataa kusimamisha chumba cha nidhamu cha majaji, tarehe 27 Oktoba 2021 iliamriwa na mahakama ya Umoja huo kulipa euro milioni 1 kila siku, na isipolipa Tume ya Ulaya ikakata kwenye fedha ambazo Poland ingepewa. Arusha haina mfuko wa kukatia. Kifungu 38(3) kinaitaka nchi itekeleze hukumu bila kuchelewa, lakini anayeweza kuiadhibu ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi, yaani washtakiwa wenyewe. Na wakikasirika wanaweza kuifunga mahakama nzima: iulizeni ile ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pale Windhoek, iliyosimamishwa 2010 baada ya kuwapa ushindi wakulima dhidi ya Zimbabwe.

Msaidizi_Likoni

Kwa hivyo Arusha haina maana?

Hati_ya_Kiapo

Ina maana mkijua mnakwenda kuitumia wapi. Kifungu 33(2) kinasema tafsiri ya Mkataba iliyotolewa na mahakama ya Jumuiya inatangulia ya mahakama za nchi katika jambo kama hilo. Tamko la Arusha mnalirudisha mbele ya jaji wa Mombasa kama uzito katika ombi la fidia.

Kabla ya yote, tafuteni ile nakala yenye muhuri wa kupokea. Aliyeipeleka aape hati ya kiapo sasa: siku, saa, mlango gani, nani alipokea, cheo chake. Pasipo hiyo watasema hawakujua kuna amri, na kesi ya utawala wa sheria itageuka kuwa ugomvi wa vibanda.