Mnawazika waigizaji chini ya vinyago vya mpira halafu mnaita maendeleo?

Wakuu, hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo acha nilitoe.

Kila nikisema mekapu za viumbe wa anga kwenye tamthilia za sasa zimenishinda, naambiwa za zamani zilikuwa takataka. Takataka ipi? Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, ilipoanza kurushwa 1966, Leonard Nimoy aliyemwigiza Spock, kiumbe wa sayari nyingine, alibandikwa masikio yenye ncha, nyusi zikapandishwa, na rangi kidogo usoni, basi. Sura ikabaki yake. Spock akiinua unyusi mmoja tu, ujumbe umefika.

Sitetei kila kitu. Waklingoni, viumbe maadui wa tamthilia hiyo, miaka ile walikuwa watu waliopakwa rangi ya kuwafanya weusi na kuwekwa masharubu ili waonekane maadui. Aibu tupu. Heri sinema ya Star Trek ya 1979 ilivyowapa matuta kwenye paji la uso.

Sasa mtazameni Worf, Mklingoni wa tamthilia ya Star Trek iliyofuata, kuanzia 1987, chini ya mtaalamu wa mekapu Michael Westmore. Matuta yanashuka mpaka puani, lakini macho na mashavu ni ya mwigizaji wake, Michael Dorn, mwenyewe. Akizuia hasira unaona taya linavyokaza, na yeye hajasema neno.

Kisha ikaja Star Trek nyingine, Discovery, 2017. Kichwa kizima cha Mklingoni kimefunikwa, upara, meno ya bandia, na humo humo mtu anatakiwa aongee Kiklingoni! Wanatafuna maneno kama wana kitu mdomoni. Mtu anaomboleza ndugu yake, nami nasoma maandishi chini ya skrini ndipo nijue kwamba ana huzuni. 2019 wakawarudishia nywele, watu wakashangilia. Nani alilalamikia nywele?

Na msiniletee habari za kamera. Najua picha za siku hizi zinafichua kila ukingo wa kiraka cha mekapu, najua lateksi ya povu, ule mpira wa vinyago vya zamani, haipitishi mwanga kama ngozi, na silikoni ya siku hizi inapitisha. Sawa. Ngozi inayong'aa vizuri lakini haikunji inanisaidia nini?

Kinachonichoma zaidi ni Saru. Ni kiumbe mwingine wa anga kwenye Discovery hiyo hiyo, mwaka ule ule; mwigizaji wake Doug Jones kafunikwa uso mzima, na bado woga wake unauona ukipita usoni kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo kazi waliijua! Waklingoni waliwakosea nini?