Naomba ushauri: kuhama kampuni ya umeme Uingereza

Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Mkataba wa bei isiyobadilika umebakiza siku 44, na ndani ya siku 49 za mwisho hakuna faini ya kuhama, hapo sina shaka. Matumizi ni uniti 1,800 kwa mwaka. Kampuni ya kwanza: peni 24 kwa uniti, tozo ya kila siku peni 60. Ya pili: peni 27, tozo peni 45. Kwa mwaka ni pauni 651 dhidi ya 650.25, yaani sare! Nikipunguza matumizi, ya pili inashinda, maana tozo haipungui hata ukilala gizani. Mngechagua ipi? Na mita janja (inayotuma usomaji yenyewe) ya kizazi cha kwanza, ikikata mawasiliano baada ya kuhama, usomaji mnautuma vipi?